Robine ya Giga

Tarehe kumi na moja ya mwezi, saa mbili asubuhi, muzee Habineza alifika mlangoni kwa mama Kanyere akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Kwenye kioo kulikuwa na ng'ombe mweupe mwenye madoa meusi, anakamuliwa. Mkono wa mkamuaji ulikuwa umeganda palepale kwenye titi, haupandi, haushuki.

"Mama Kanyere," akasema, "ng'ombe yangu imekwama."

Kanyere alikuwa anachambua maharagwe. Akaweka ungo chini, akapangusa vidole kwenye kitenge, akavaa miwani, akamtazama yule ng'ombe kwa heshima yote, kwa sababu alimjua jirani yake. Habineza alikuwa mganga wa mifugo kule Rutshuru kwa miaka thelathini. Sasa anaishi Goma, katika chumba kimoja kisicho na nafasi hata ya sungura, basi kila asubuhi hufungua simu na kutazama ng'ombe wa watu, wa nchi za baridi, wenye viwele kama mifuko ya makaa. Huwasifu, huwakaripia, mmoja aliwahi kumpa jina la marehemu shangazi yake.

Ng'ombe hakuwa na neno. Internet ndiyo iliyokuwa inakokota miguu, na siku hizi ikikokota kidogo tu wote huwaza giga. Parseli yao, ua mmoja pale kartie Mapendo, mtaa wa Goma, ina milango mitatu: wa Kanyere mwenye nyumba, wa Habineza, na wa Micheline mshonaji. Milango yote mitatu hunywa internet kutoka antena moja iliyo juu ya bati, giga mia moja na hamsini kwa mwezi. Kila mlango una haki ya giga thelathini. Zile sitini zinazobaki ni za mkaaji wa nne, ambaye hali, hapigi pasi, wala hasalimii: kisanduku cha Rosine.

Kisanduku chenyewe si kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo za kanisa. Kinakaa juu ya kabati la vyombo, kati ya redio na sanamu ya Bikira Maria, na taa yake ya kijani hukonyezakonyeza. Kanyere alikuwa amekifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, mpaka Rosine binti yake alipomwambia kwamba kinahitaji kupumua. Kitambaa kikahamia chini yake.

Kazi ya kisanduku, Rosine alimweleza mama yake jioni tatu mfululizo, na jioni ya tatu mama mwenyewe ndiye aliyemweleza Rosine. Zamani, miaka ile barabara ya Butembo ilipokuwa haipitiki vizuri, mama yake Kanyere, akiwa Butembo, alituma barua na vifurushi kwa mikono ya watu. Mfanyabiashara mmoja alifika navyo Kanyabayonga, akampa mwingine wa Rutshuru, yule akampa mama muuza viazi wa Kibumba, na mama wa Kibumba akaviweka juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyojaa kabichi, ikateremka navyo mpaka Goma. Kila mtu alimjua aliyempa na yule atakayempa, basi. Mwenye chukudu ungemwuliza barua imetoka kwa nani, angekuambia imetoka kwa kabichi. Kisanduku nacho ni hivyo hivyo. Duniani kuna watu waliojitolea kuweka visanduku vya namna hiyo, na ujumbe wa mtu hupita katika vitatu kabla ya kufika, ili anayechungulia njiani asijue nani anaongea na nani. Pengine ni msichana anayetaka kuuliza habari ya ugonjwa wake bila kartie nzima kujua. Pengine ni mwandishi wa habari. Siku hizi masikio ni mengi.

"Na mwizi akipita mule?" Kanyere aliuliza.

Rosine hakumdanganya. Alisema mwizi anaweza kupita, kama vile wezi wanavyopita barabara ya Kibumba pamoja na wauza viazi, na bado hakuna aliyesema barabara ifungwe. Jibu hilo lilimpendeza Kanyere.

Shida ni kwamba mwezi uliotangulia giga zilikwisha tarehe kumi na tisa. Milango mitatu ikakaa siku kumi na moja bila kitu, kama watu wa kale. Micheline, ambaye hupokea picha za mitindo kutoka kwa wateja na kuwarudishia picha za nguo zilizokwisha, aliitisha mkutano uani. Wakakaa juu ya mawe ya volkano, wakakata shauri: mwezi mmoja zaidi. Giga zikifika mwisho wa mwezi, kisanduku kibaki. Zikikatika hata siku moja kabla, kisanduku kitoke na kisirudi. Wiki hiyohiyo Rosine alikuwa anakwenda Vitshumbi, kwenye ushirika wa wavuvi, kuwawekea mitambo ya jua na antena. Angekaa mwezi mzima. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akamwomba akilinde. Kanyere akamwahidi.

Na Kanyere akiahidi jambo si mchezo. Kwa miaka kumi na nane yeye ndiye anayesimamia robine ya maji ya avenyu yao. Anajua bidoni ya kila mtu kwa mikwaruzo yake. Anajua ile ambayo mwenyewe anasema ni ya lita ishirini na kumbe imepulizwa kwa maji ya moto ikavimba mpaka ishirini na tatu. Kwa hiyo Rosine alipomwonyesha kwenye simu ukurasa wenye madirisha mawili ya kuandika namba, hakuogopa. Dirisha la kwanza lilikuwa la mbio, yaani kisanduku kipitishe mizigo kwa kasi gani. La pili lilikuwa la haki ya siku: kikishapitisha kiasi hicho, kinalala mpaka kesho. Rosine alimwandikia yote kwenye kipande cha karatoni, na chini ya namba ya mbio akapiga mstari kwa kalamu nyekundu: usishuke hapa, ukishuka hakuna mtu atakayeletwa kupita kwetu.

Haki ya siku ilikuwa giga mbili. Mara thelathini, sitini. Kila jioni Kanyere alifungua daftari lake lenye picha ya twiga kwenye jalada, akaandika hesabu ya kisanduku: mbili, mbili, mbili. Hakikuzidisha hata siku moja.

Ndiyo maana asubuhi ile ya ng'ombe aliyekwama alimwonyesha Habineza daftari kwa raha. Siku kumi, giga ishirini, kama ilivyopangwa. Lakini ujumbe wa sosiete, kampuni inayowauzia internet, ulisema zimekwisha sabini, na kwa hesabu ya haki zingetakiwa kuwa hamsini. Kwa mwendo huo tarehe ishirini na mbili hakuna kitu. Basi zile ishirini nyingine zimeliwa na nani? Kanyere hakutaja jina. Alitazama tu simu ya Habineza, akasema kwa sauti ya upole kwamba ng'ombe wa nchi za baridi ni wanene sana.

Habineza akarudi kwake bila kuaga, akaenda kumwambia Micheline kwamba ng'ombe wametukanwa. Micheline akasema mwizi anajulikana, anakaa karibu na Bikira Maria. Kanyere akasema kuna watu hutazama mavazi ya harusi ya Kinshasa kutwa nzima mpaka sindano inashona kidole. Mpaka jioni milango mitatu ilikuwa imefungwa yote, na kila mmoja anapika kwa kugonga sufuria.

Jioni hiyohiyo ya Jumamosi Kanyere alipata wazo. Kwenye robine, bidoni zikigombana, humaliza ugomvi kwa kuzipanga zote chini, tupu, mbele ya macho ya watu. Akapita mlango kwa mlango akaomba jambo moja: kesho Jumapili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, simu zote zizimwe na ziwekwe kwake. Kisanduku peke yake kibaki macho. Waone.

Walikubali, kila mmoja akiamini mwenzake ataaibika. Asubuhi simu tano ziliwekwa katika beseni la bluu na kufunikwa na sinia, na Kanyere akaandika hesabu mbili: ya kisanduku na ya sosiete. Kisha akazima yake pia, wakaenda kanisani.

Siku ile ilikuwa ndefu kama barabara ya Kisangani. Baada ya misa Micheline alikaa mlangoni, dole gumba lake linapanda na kushuka juu ya goti bila yeye kujua. Habineza alizunguka kartie akitafuta hata mbuzi wa kutazama. Saa tisa walijikuta wote watatu uani wanakula mahindi, na kwa kuwa hakukuwa na kingine, wakarudia kuzungumza habari za Clotilde.

Clotilde ni mdogo wake Kanyere, yuko Butembo. Hupigiwa simu ya picha jioni tatu kwa wiki, naye ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, hivyo ukuta wa mbao hauwezi kitu: parseli nzima husikia. Wakati huo Clotilde alikuwa katikati ya kesi. Mjukuu wake alikuwa ameposwa, mbuzi kumi na wawili wa mahari wameletwa, na mmoja wao akaonekana ana mimba. Wakwe wakasema kitakachozaliwa ni chao, kwa maana wao walitoa mbuzi mmoja, si wawili. Clotilde akasema akishapita mlango ni wetu, na tumbo lake. Habineza, kama mtaalamu, alikuwa upande wa Clotilde. Micheline alikuwa upande wa wakwe, kwa kupenda kubisha tu.

Saa kumi na mbili jioni Kanyere aliingia ndani peke yake, akawasha simu, akasoma. Kisanduku: giga mbili. Sosiete: giga nne.

Akavua miwani akaipangusa. Akasoma tena. Nne.

Akakaa kwenye kiti, akakitazama kisanduku, nacho kikamkonyeza. Miaka kumi na nane yote kwenye robine amehesabu bidoni zinazotoka. Maji yanayoingia kwenye tangi hakuwahi kuyahesabu hata siku moja, hayakuwa kazi yake. Lakini huyu hana tangi. Huyu ni mkono wa katikati. Ili ampe mtu mzigo, sharti kwanza aupokee. Mzigo ukiingia sosiete inaandika, ukitoka inaandika tena. Kisanduku kilikuwa kinasema kweli, na sosiete nayo ilikuwa inasema kweli. Aliyehesabu mkono mmoja alikuwa ni yeye.

Nje aliwasikia wanakuja kuchukua simu zao. Kusoma ukurasa wa kisanduku alijua yeye tu. Angeweza kusema matokeo hayaeleweki, tujaribu Jumapili nyingine, na kila mtu angeendelea kumlaani mwenzake kwa amani. Aliwaza hivyo kwa muda wa kufunua sinia. Halafu akawaambia yote, na mifano ya mikono, kushoto unapokea, kulia unatoa.

Habineza alisikiliza mpaka mwisho, akachukua simu yake, akaiwasha, akamtafuta ng'ombe mweupe mwenye madoa, akamweka mbele ya uso wa Kanyere.

"Muombe musamaha," akasema.

Kanyere akamwomba ng'ombe msamaha, kwa jina la marehemu shangazi.

Micheline hakucheka. Alisema kisanduku kichomolewe leo. Kanyere akamjibu kwamba mapatano yalikuwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haujafika.

"Sawa, mama," Micheline akasema. "Lakini zikikatika hata siku moja mbele ya tarehe makumi tatu, miye mwenyewe njo nitakuja kuichomoa. Na ile kitambaa utanipatia."

Wakaenda. Kanyere akafungua daftari. Zilibaki giga sitini na tisa, na siku kumi na nane. Milango mitatu, kila mmoja giga moja kwa siku, ni hamsini na nne. Kisanduku kingebaki na kumi na tano. Alipeleka kidole kwenye dirisha la mbio apunguze, kisanduku kipitishe pole pole, kidogo kidogo, kutwa nzima. Kidole kikasimama. Mstari mwekundu wa Rosine ulikuwa pale kwenye karatoni, na yeye mwenyewe aliujua bila kuambiwa. Mwaka mmoja bomba lilikuwa linatona tu, naye akaliacha litone tangu asubuhi, kwa huruma. Watu walikaa foleni kutwa, wakaondoka na nusu bidoni na meno yaliyovunjika. Mwaka uliofuata alilifunga, likakusanya nguvu, akalifungua saa moja tu kwa siku. Kila mtu alijaza akaenda zake. Robine inayotona haimsaidii mtu. Ni afadhali ifunguliwe sawasawa, kisha ifungwe.

Akaacha mbio zilivyokuwa. Katika dirisha la haki ya siku akafuta mbili, akaandika nusu. Nusu kuingia, nusu kutoka, giga moja. Chini ya hapo aliona kisanduku kingekuwa kinaamka kupiga miayo tu. Giga moja mara siku kumi na nane, kumi na nane. Alikuwa na kumi na tano. Zilipungua tatu.

Alizitafuta zile tatu kwenye karatasi kwa muda mrefu, halafu akazipata kwenye mlango wake mwenyewe. Yeye hatazami ng'ombe wala mavazi. Giga zake zote ni uso wa Clotilde.

Siku zikapita. Kila asubuhi aliandika hesabu mbili, safu ya kushoto na safu ya kulia. Kisanduku kiliamka saa kilipopenda chenyewe, kikafanya kazi yake muda mfupi, kikalala. Clotilde alipopiga, Kanyere alimwandikia maneno mawili matatu, kwamba macho yanamuuma, wataongea mwezi ukigeuka. Maneno ya kuandika hayali kitu.

Tarehe ishirini na tatu Micheline alikuja na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, jambo ambalo halikuwa kawaida. Akakaa. Akasifu kabati. Akauliza habari za Vitshumbi, kama Rosine anakula samaki wazuri. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mama Kanyere, Clotilde iko mugonjwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Tangu ile Jumapili hatumusikie. Muzee Habineza hata hasinzie vizuri. Hatujue kama mbuzi ilishazala ao bado."

Kanyere akajaribu habari ya macho, lakini Micheline hupima watu kwa kuwatazama tu, kiuno na mabega, bila utepe, na hakupokea. Akaomba daftari. Akafuata safu mbili kwa kidole kilichotobolewa na sindano, akafika mahali palipoandikwa "milango", akaona mlango wa kwanza umetoa tatu. Akafunga daftari polepole, akatoka bila sahani yake.

Alirudi na Habineza. Walikuwa wamekwisha kubishana njiani, hatua kumi na mbili tu lakini zilitosha. Habineza alitangaza kwamba ng'ombe watafunga siku za Jumatano na Ijumaa, kama Wakristo wengine. Micheline alisema mavazi ya Kinshasa atayaona mwezi ujao, hayakimbii. Hivyo zile tatu zingerudi mahali pake. Kanyere alianza kukataa kwa adabu, na Micheline akamkatiza.

"Miye bado sikipende, ile kisanduku yako. Ita Clotilde."

Wakamwita uani, simu imeegemezwa kwenye jiwe. Sura ya Clotilde ilijaza kioo, na kabla ya salamu alikuwa ameshaanza. Mbuzi amezaa. Amezaa wawili, jike na dume. Wakwe wanataka wote wawili, mzee wa ukoo amesema wagawane, na sasa wanagombania nani achukue jike. Habineza akapiga paja. Aliuliza rangi, aliuliza kama wananyonya, akasema kwa miaka yake thelathini hajaona kesi nzuri kama hii. Waliongea mpaka Kanyere mwenyewe akanyoosha mkono kuelekea simu, maana hesabu ilikuwa inapanda, na Micheline akamzuia mkono.

Tarehe thelathini, saa kumi na moja jioni, walisimama wote watatu mbele ya kabati. Kanyere akasoma ujumbe wa sosiete kwa sauti. Imebaki giga moja na vipande vidogo vidogo. Kisanduku taa yake ilikuwa ya kijani. Akangoja. Micheline alikitazama, akatazama kitambaa kilichofumwa ambacho sasa hatakipata, akapumua.

"Kibakie," akasema. "Lakini hesabu itoke mu daftari. Iandikwe ku mlango, kwa chaki, yenye kuingia na yenye kutoka. Kila mutu aone."

Hiyo ilikuwa haki, na Kanyere akaikubali. Akamwandikia Rosine maneno manne: kipo, giga hazikukatika, uje.

Mwezi mpya, Kanyere aligawa giga upya, safari hii kwa mikono miwili, kisanduku kikapata giga moja kwa siku kwa hesabu yake chenyewe. Akachora safu mbili kwenye ubao wa mlango, chaki nyeupe. Asubuhi ya tarehe mbili alikuwa bado anajifunga kitenge aliposikia mtu nje ya mlango anakohoa. Akafungua. Habineza alikuwa ameinama mbele ya namba, mikono nyuma, kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Jana ilikunywa moja, ikalala mbele ya saa sita," akasema. "Ni mapema, mama. Kama kuko mutu njiani, iko anangoja?"

"Muzee, siku hizi watu hawasalimiane?"

"Bwakya, mama Kanyere," Habineza akamsalimu kwa Kinande chake kibovu, lugha ya kwao Kanyere, na macho yake bado yalikuwa kwenye safu ya kulia.